Chokaa Isiyopasuka Ovyo: Wahandisi Wanachoiga Kutoka kwa Gamba la Chaza

Matumbawe na chaza wa lulu huishi katika maji yaleyale ya Bahari ya Hindi, na viumbe hawa hujenga kwa madini yaleyale, aragonaiti, ambayo ni mojawapo ya maumbo ya kalsiamu kaboneti. Mafundi wa pwani wameyatumia matumbawe kwa karne nyingi, kwa kuwa ndiyo waliyoyachoma tanurini kupata chokaa ya kujengea nyumba za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Aragonaiti tupu haina ustahimilivu wowote wa kusifiwa. Ukiigonga kwa nyundo ndogo hupasuka mara moja, na ufa wake hupita moja kwa moja kutoka upande huu hadi upande wa pili. Hata hivyo, sehemu ya ndani ya gamba la chaza, ile inayong'aa kwa rangi nyingi na ambayo katika makala haya nitaiita tabaka la lulu, ina madini hayo kwa takriban asilimia 95 ya uzito wake, na haivunjiki hivyo hata kidogo. Vipimo vya watafiti wa Uingereza vilivyochapishwa mwaka 1988 vilionyesha kuwa kazi inayohitajika kulivunja tabaka la lulu inazidi ile ya kuvunja madini yenyewe kwa takriban mara 3,000.

Asilimia tano iliyobaki ni protini na kaitini (dutu ileile iliyomo kwenye maganda ya kaa na wadudu), yaani vitu laini ambavyo peke yake visingeweza kubeba mzigo wowote wa maana. Haiwezekani, basi, kwamba siri ya gamba imo katika viambato vyake, kwa maana kimoja ni kigumu lakini hupasuka upesi na kingine ni dhaifu. Siri imo katika namna vilivyopangwa. Jambo hilo ndilo lililowavuta wahandisi wa vifaa kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu mpangilio, tofauti na kemikali, unaweza kuhamishiwa kwenye vifaa vingine kabisa.

Nguvu na ushupavu

Kabla ya kuingia ndani ya gamba, ni lazima kutenganisha sifa mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Nguvu ya kitu ni mzigo kinaoweza kuubeba kabla hakijaanza kukatika au kupinda bila kurudi. Ushupavu ni kiasi cha nishati kinachotumika kuuendesha ufa ndani ya kitu hicho. Kioo cha dirisha hakina upungufu wa nguvu ya asili; kama kingetengenezwa bila dosari hata moja, kingezishinda aina nyingi za chuma. Kinachokiponza ni ushupavu mdogo. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza sababu yake mwaka 1921: kila kioo kina mikwaruzo na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mkazo unaokipata kioo hicho hujilimbikiza kwenye ncha za nyufa hizo. Kadiri ufa unavyokuwa mrefu ndivyo mzigo mdogo zaidi unavyotosha kuusukuma, kwa hiyo ufa ukishaanza kwenda, kila hatua huirahisisha hatua inayofuata.

Vyuma vina njia ya kujiokoa. Kwenye ncha ya ufa, matabaka ya atomi za chuma huteleza moja juu ya jingine, ncha ikawa butu, na nishati ikaishia hapo kabla ufa haujasonga mbali. Kauri, neno ninalolitumia hapa kwa kundi zima linalojumuisha vigae, alumina (oksidi ya alumini), karabaidi ya silikoni (mchanganyiko wa silikoni na kaboni) na madini ya aina ya chokaa, haina uwezo huo, kwa kuwa vifungo vya atomi zake haviruhusu mtelezo wa namna hiyo. Ni hasara kubwa, maana kauri ni nyepesi kuliko chuma cha pua, haishiki kutu, na baadhi ya aina zake hustahimili joto linaloyeyusha vyuma vingi. Wahandisi wa injini wameitamani kwa miaka mingi, kwani injini inayofanya kazi katika joto kubwa zaidi huyatumia mafuta vizuri zaidi. Lakini hakuna anayetaka kuruka na ndege ambayo mapanga ya injini yake yanaweza kupasuka kwa sababu ya mkwaruzo mmoja.

Ndani ya tabaka la lulu

Kipande cha tabaka la lulu kikitazamwa kwa darubini ya elektroni huonyesha vigae vidogo bapa vyenye pembe nyingi, vilivyopangwa safu juu ya safu. Kila kigae kina unene wa karibu nusu ya mikromita (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita) na upana wa mikromita tano hadi kumi, na kati ya safu moja na nyingine kuna utando laini wa nanomita 20 hadi 30, nanomita ikiwa sehemu ya elfu ya mikromita. Nusu ya mikromita ni kipimo kinachokaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona, na hapo ndipo zinapotoka zile rangi zinazobadilikabadilika mtu anapoligeuza gamba mkononi: mwanga unaoakisiwa na safu ya juu hukutana na ule unaoakisiwa na safu zilizo chini yake, rangi fulani zikakolezwa na nyingine zikafifia. Anayenunua hereni za chaza kwa ajili ya mng'ao wake ananunua, bila kujua, ushahidi wa mpangilio uleule unaolifanya gamba kuwa shupavu.

Karibu kila anayeandika kuhusu jambo hili huufananisha mpangilio huo na ukuta wa matofali, nami sina mfano bora zaidi, ila mfano huo hupotosha mahali pamoja. Mwashi hutaka saruji yake ishike tofali kadiri inavyowezekana, ikiwezekana ukuta wote uwe jiwe moja. Katika tabaka la lulu, kiungo kikishika kwa nguvu namna hiyo, ufa utakata vigae na viungo kwa pamoja kana kwamba hakuna mpaka kati yake, na gamba litarudia tabia ya aragonaiti tupu. Kiungo kikiwa dhaifu kupita kiasi, vigae vitaachana kabla havijabeba mzigo. Kinachotakiwa ni kiungo kilicho dhaifu kuliko kigae, lakini kwa kiasi kilichopimwa vizuri.

Kiasi hicho kikipatikana, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Ufa unaotaka kupita katikati ya gamba hufika kwenye mpaka wa vigae, ukaona njia rahisi iko pembeni, ukageuka. Ukifika kwenye kigae kinachofuata hugeuka tena, hivi kwamba safari yake inakuwa ndefu na ya kupindapinda. Wakati huohuo vigae vilivyo pande zote mbili za ufa havitengani mara moja, bali huchomoka polepole kutoka katikati ya wenzao, na uchomokaji huo hula nishati kwa msuguano. Nyuso za vigae si laini kabisa: zina vinundu vya ukubwa wa nanomita vinavyokwaruzana, na pia zina mawimbi madogo, kwa hiyo kigae kinachoteleza hulazimika kupanda kidogo na kujikaza dhidi ya jirani yake. Jambo hili la mwisho ni la thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa kuwa mtelezo unazidi kuwa mgumu pale ulipoanzia, vigae vya mbali zaidi huanza navyo kuteleza, na mzigo uliokuwa umejilimbikiza kwenye ncha moja husambaa katika eneo pana. Tabaka la lulu likivutwa kwa mashine ya kupimia, eneo hilo huonekana hata kwa macho, kwa sababu hugeuka jeupe kabla ya kukatika.

Utando laini nao una kazi yake. Mwaka 1999 kikundi cha Paul Hansma katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kilizivuta molekuli za utando huo kwa darubini ya nguvu za atomi, chombo chenye sindano ndogo mno inayoweza kuvuta molekuli, na kukuta kwamba hazikatiki kwa mkupuo. Molekuli ndefu ya protini imekunjwa katika vifundo. Ikivutwa, kifundo kimoja hufunguka, kisha kingine, na kila kinapofunguka kiasi fulani cha nishati hutumika huku molekuli ikiendelea kushika pande zote mbili. Maji huusaidia utando huo kubaki mlaini, na ndiyo sababu tabaka la lulu lililo na unyevu huonyesha ushupavu mkubwa kuliko lililokaushwa. Gamba lililokaa kabatini miaka mingi limepoteza sehemu ya sifa lililokuwa nayo baharini.

Sifa hizi hazipatikani katika kila upande. Ufa unaokuja kutoka nje kuelekea ndani, yaani unaokata safu, hukutana na vikwazo vyote nilivyovitaja. Lakini ufa unaopita sambamba na safu hupata njia rahisi zaidi. Chaza hana shida na hilo, kwa kuwa kaa au samaki anayetaka kumla humshambulia kutoka nje. Mhandisi anayeuiga mpangilio huo kwa kifaa kitakachosukumwa kutoka pande zote anapaswa kulikumbuka kabla ya kusaini mchoro.

Kutoka baharini hadi karakana

Jaribio la mapema lenye matokeo ya kueleweka lilichapishwa mwaka 1990 na William Clegg na wenzake nchini Uingereza. Walitengeneza mabapa membamba ya karabaidi ya silikoni, wakayapaka grafiti, wakayapanga moja juu ya jingine na kuyachoma pamoja. Grafiti ilikuwa ndiyo mpaka dhaifu. Kazi ya kukivunja kipande hicho ilizidi ile ya karabaidi ya kawaida kwa zaidi ya mara 100, bila kutumia vifaa vya ajabu wala mitambo ya gharama kubwa. Mabapa yao, hata hivyo, yalikuwa manene mara mamia kuliko vigae vya chaza, na hayakuwa na vigae ndani ya safu. Yalikuwa matabaka tu.

Kushuka kutoka unene huo hadi kwenye mikromita ndiko kulikowasumbua watu kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna fundi wala roboti anayeweza kupanga kimojakimoja mamilioni ya vigae vyembamba namna hiyo. Lazima vijipange vyenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California, miongoni mwao Sylvain Deville, Eduardo Saiz na Antoni Tomsia, walionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kuachiwa barafu. Maji ya bahari yanapoganda kwenye ncha za dunia, fuwele za barafu hazipokei chumvi. Chumvi husukumwa kwenye nafasi nyembamba zilizobaki kati ya fuwele. Watafiti hao walichanganya unga laini wa kauri na maji, wakayagandisha kuanzia upande mmoja ili barafu ikue katika mabapa yaliyoelekea upande mmoja, na unga ukasukumwa kati ya mabapa hayo kwa kanuni ileile. Kisha barafu iliondolewa kwa kugeuzwa mvuke bila kupitia hali ya maji, kiunzi cha kauri kilichobaki kikachomwa ili kikaze, na mapengo yaliyoachwa na barafu yakajazwa kitu kingine. Unene wa mabapa huamuliwa na kasi ya kugandisha: kasi ikiongezeka, mabapa huwa membamba, hata kufikia karibu mikromita moja.

Miaka miwili baadaye kundi hilohilo liliongeza hatua iliyowakaribisha zaidi kwa chaza. Kiunzi cha alumina kilikandamizwa ili mabapa yake yavunjike na kuwa vigae vilivyolaliana, kikachomwa tena ili vigae vishikane hapa na pale kwa madaraja madogo ya kauri, ambayo tabaka la lulu pia linayo, na mwishowe kikajazwa akriliki, plastiki ileile inayotumika kwenye mabango na taa za magari. Kifaa kilichopatikana kilikuwa na alumina hadi asilimia 80 ya ujazo wake, na ushupavu wake, ukipimwa kwa nishati, ulizidi ule wa viambato vyake kwa zaidi ya mara 300.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu takwimu za aina hii ndizo zinazonukuliwa vibaya kuliko zote. Kuna vipimo viwili vya ushupavu vinavyotumika. Kimoja hupima nishati. Kingine hupima mkazo ambao ncha ya ufa inaweza kuustahimili kabla haijasonga. Kwa vifaa vyenye ukakamavu sawa, yaani vinavyokataa kupinda kwa kiasi kilekile, nishati huongezeka kwa mraba wa kipimo cha pili. Kwa hiyo kifaa kilichoongezeka ushupavu mara 300 kwa nishati kimeongezeka takriban mara 17 tu kwa kipimo cha mkazo, na ni hicho cha pili ambacho mhandisi hukitumia anapokadiria ufa wa urefu gani unaweza kuvumiliwa katika kifaa chake. Mara 17 bado ni maendeleo makubwa sana kwa kauri. Lakini msomaji akikutana na habari inayosema kwamba kifaa fulani ni imara mara maelfu kuliko kingine, aulize kwanza kilichopimwa ni nini.

Akriliki ililetea kifaa hicho udhaifu ulio wazi: hulainika kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo ndoto ya injini ikawa imefungwa mlango. Mwaka 2014 Florian Bouville, Deville na wenzao nchini Ufaransa walijibu tatizo hilo kwa kuiacha plastiki kabisa. Walitumia vigae bapa vya alumina vilivyopangwa kwa njia ya barafu, na kati yake wakaweka chembe ndogo za alumina za kutengeneza madaraja pamoja na kioo kidogo cha kuunganishia. Kila kiambato kilikuwa kauri au kioo, yaani kila kimoja peke yake hupasuka upesi. Hata hivyo kifaa kilichotokana navyo kilifikia nguvu ya karibu megapaskali 470 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) na kilihifadhi sifa zake hadi angalau nyuzi 600. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matokeo yaliyothibitisha dai zima la awali kwa ufasaha kuliko mengine yote, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilaini kinachoweza kusingiziwa kazi iliyofanywa na mpangilio.

Tabaka la lulu si kielelezo pekee. Mnyama mmoja wa baharini wa jamii pana ya kamba na kaa, anayepatikana pia katika Bahari ya Hindi, huvunja magamba ya konokono kwa mkono wenye umbo la rungu anaourusha kwa kasi inayofikia takriban mita 23 kwa sekunde. Watafiti, akiwemo James Weaver na David Kisailus, walionyesha mwaka 2012 kwamba ndani ya rungu hilo nyuzi za kaitini zimelazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa limegeuzwa kidogo kuliko la chini yake, hivyo ufa hulazimika kuzunguka kama ngazi ya mnara. Mpangilio huo ni rahisi kuigwa kwa nyuzi za kaboni, kwa kuwa viwanda tayari hulaza nyuzi hizo kwa matabaka. Kinachobadilika ni pembe.

Kioo

Kwa mtu asiye na haja na injini za ndege, matumizi yanayogusa maisha ya kila siku ni kioo. Ugumu wake wa pekee ni kwamba lazima kipitishe mwanga, na tabaka la lulu halipitishi picha hata kidogo. Katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, François Barthelat na wenzake waliikabili shida hiyo kwa njia mbili. Mwaka 2014 walichora kwa leza, ndani ya kioo, mistari ya nyufa ndogo zenye umbo la kushikana kama vipande vya fumbo la picha, wakazijaza poliyurethani, aina ya plastiki. Kioo hicho kilihitaji nishati ya takriban mara 200 zaidi ili kivunjike. Ni ajabu kidogo, lakini ndiyo mantiki ya chaza: kioo kilitiwa nyufa zilizopangwa ili kisiuawe na nyufa zisizopangwa. Mwaka 2019 walikata mabapa ya kioo katika vigae vidogo kwa leza na kuyaunganisha kwa plastiki laini, na kifaa hicho kikastahimili mshtuko mara mbili hadi tatu zaidi ya kioo cha tabaka cha kawaida na kioo kilichokazwa kwa joto.

Katika chuo hichohicho, kikundi cha Allen Ehrlicher kilichapisha mwaka 2021 njia nyingine: vipande vyembamba vya kioo vilichanganywa na akriliki na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine ya kutenganishia hadi vikajilaza safu kwa safu. Mwanzoni mchanganyiko ulikuwa mweupe kama maziwa, kwa sababu mwanga hupinda kila unapovuka kutoka kwenye kioo kuingia kwenye plastiki. Watafiti waliibadilisha kemikali ya plastiki hadi upindaji wake wa mwanga ukalingana na wa kioo, na mipaka ikapotea machoni huku ikiendelea kufanya kazi yake ya kuugeuza ufa.

Njia iliyo karibu zaidi na ya chaza mwenyewe ilitoka Hefei, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha China, ambako kikundi cha Yu Shu-Hong mwaka 2016 kilitengeneza kwanza kiunzi cha matabaka kwa kaitosani, inayotokana na kaitini, kisha kikakipitishia majimaji yenye kalsiamu hadi aragonaiti ikaota humo polepole. Hapakuwa na tanuri la nyuzi elfu moja na zaidi kama linalohitajika kwa alumina. Malipo yake ni muda: kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, ingawa chaza anayekua hutumia miezi na miaka.

Ukilinganisha njia hizi kwa jicho la kiwanda, mpangilio wa ubora hugeuka. Ile ya barafu hutoa sifa nzuri, lakini barafu ni vigumu kuidhibiti katika kipande kinene, kwa hiyo sampuli nyingi hubaki za sentimita chache. Ile ya Hefei huokoa nishati lakini haivumilii haraka ya soko. Kioo cha vigae cha mwaka 2019 ndicho chenye safari fupi zaidi ya kufika dukani, kwa kuwa viwanda vya vioo vya magari tayari huunganisha mabapa mawili ya kioo kwa utando wa plastiki kati yake, na kitakachoongezwa ni hatua ya leza. Kilichobaki ni kuamua ni kiasi gani cha ukakamavu mnunuzi yuko tayari kukipoteza, maana kioo kilichokatwa vigae hupinda kidogo zaidi chini ya upepo, na ni nani atakayekubali mistari myembamba ya mikato inayoonekana jua likikipiga kwa pembeni.